Uzi Mnene wa Gambusi la Babu Yako

Mwanangu Nasra,

Asalaam aleikum. Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Nimekuona asubuhi ukivaa viatu huku unajikaza usilie. Yangu utaijua ukifika mwisho wa karatasi hizi. Nakuandikia mchana, adhana ya adhuhuri imepita punde, nimekaa kwenye mkeka pale ulipokuwa unapenda kukaa na kompyuta yako. Wewe umekwenda Fukayosi kumuaga babu yako kaburini. Kesho alfajiri unapanda basi la Mwanza, na barua hii nitaitia chini kabisa ya begi lako, uikute hukohuko ukitoa nguo.

Najua utakalolifanya kaburini. Utamsomea Fatiha, utang'oa majani, kisha utamwomba radhi kwa ajili ya gambusi. Uliomba siku ya maziko, ukaomba kwenye arobaini, umeomba Idi zote tangu hapo. Leo nilisimama mlangoni nikitaka kukuambia usiombe, na badala yake nikakuambia ubebe mwavuli. Huyo ndiye mama uliye naye.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za watu wa kuwaogopa kituoni. Shangazi yako atakuambia hayo mpaka masikio yakuume. Yule dada wa marehemu baba yako hajawahi kuishiwa na maneno, na duka lake la vipuri vya pikipiki litakupa kazi ya kutosha. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba miaka miwili na limenishinda.

Nianze mbali kidogo, si kwa kukwepa. Labda kwa kukwepa pia.

Mimi nililijua lile gambusi kabla yako. Nilizaliwa nikalikuta ukutani chumbani kwa baba: tumbo la mti mmoja uliochongwa ukakombwa ndani, ngozi ya mbuzi imewambwa kwa chini, nyuzi nne za mshipi wa kuvulia samaki. Baba alilirithi kwa baba yake, ambaye alipewa na Mshihiri mmoja, Mwarabu aliyekuwa akiuza kahawa. Alipiga harusini, akapiga barazani kwa watu, na wenzake walipokufa mmoja mmoja akabaki kupiga peke yake kila baada ya alasiri. Nilikuwa nakaa nyuma ya pazia nasikiliza. Nilijua kila wimbo. Niliupiga kwenye ndoo, kwenye sufuria, kwenye tumbo langu mwenyewe nikilala. Siku nilipomwomba anifundishe alicheka. "Mwanaidi," akaniambia, "gambusi halishikwi na mtoto wa kike. Utakuja kupiga ngoma na wanawake wenzio."

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nilipanda kiti nikaligusa, akanikuta. Hakunipiga. Alichukua nyundo akapigilia msumari mwingine, juu zaidi. Nikarefuka, na msumari nao ukapanda, mwaka hadi mwaka. Unaikumbuka ile safu ya matundu ukutani uliyoniuliza, nikakujibu ni mchwa? Ni urefu wangu.

Basi nikapiga ngoma na wanawake wenzangu kama alivyosema, na wewe umenikuta hivyo, mama mwenye msondo, ile ngoma ndefu, anaitwa kila penye shughuli. Unajua tunavyofanya. Kabla ya kuanza tunawasha makumbi ya nazi uani, ngoma tunazielekeza motoni, ngozi inakaza, tunaigonga kwa kidole mpaka ilie tunavyotaka. Mikono yangu inaijua kazi hiyo kuliko inavyojua kusuka ukili.

Halafu ukaja wewe na simu.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano, umekaa barazani unacheza lile gemu la mtu mwenye upanga anayeshuka mapangoni. Ulikuwa unakufa mara ishirini kabla ya chai, na kila mara unafufuka hatua chache kabla ya ulipofia. Muziki wake ulinichosha, tiriri tiriri siku nzima. Babu yako wakati huo macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, alikuwa anatuona kama vivuli tu. Akainua kichwa akakuita kwa utani wake wa kila siku.

"Mke wangu, nani huyo anayepiga?"

"Si mtu, Babu. Ni gemu."

"Linapiga vizuri hilo gemu lako, ila lina haraka. Hebu lirudishe mwanzo."

Ukalirudisha. Akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na gambusi, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaupata ule wimbo wa mapangoni, kaupunguza mwendo, kautia madaha. Wewe ukaanza kugonga meza mdundo wa singeli chini yake. Mkacheka wawili nyie kama watu waliookota kitu njiani. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akalilaza gambusi mapajani mwako, akakushika vidole, akavipanga kimoja kimoja juu ya nyuzi.

Nilikuwa natwanga kisamvu. Nilitwanga mpaka kikawa maji.

Nilikuonea wivu, Nasra. Naliandika neno hilo waziwazi maana nimelizungushia maneno mengine muda mrefu, nikajiambia nachoshwa na kelele, nikajiambia nahofia masomo yako. Nilikufurahia kwa mdomo, lakini moyoni nilikuwa bado yule mtoto wa nyuma ya pazia. Siku moja nilimuuliza baba, mbona mimi ulininyima? "Nilikuwa mjinga, mwanangu," akasema. "Na wakati ule watu wa kunicheka walikuwepo. Sasa wamekufa wote." Lilikuwa jibu la kweli na halikunisaidia kitu.

Ukaanza kurekodi. Mimi nilidhani utarekodi nyimbo, kumbe unataka sauti moja moja. Ulisimamisha godoro dirishani, ukazima feni, ukafukuza kuku, ukamketisha babu yako mbele ya kile kinasa sauti chako, na yeye akapiga uzi mmoja mahali pamoja, polepole, kisha kwa nguvu, kisha akasogeza kidole. Ulinieleza kwamba ukizipata zote utazipanga ndani ya kompyuta, na utaweza kupiga gambusi kwa vitufe hata kama babu yako amelala. Mimi nikawa marufuku kusonga ugali, marufuku kukohoa. Na bado nikaingia. Katika sauti moja ya uzi mwembamba nasikika nakuna nazi uani. Nilidhani utaifuta.

"Ya nini kuifuta, Mama?" ukasema. "Hiyo ndiyo nyumbani."

Ukaiacha. Ule wimbo wa mapangoni ukauweka mtandaoni, juu gambusi la babu, chini besi iliyokuwa ikitikisa kabati la vyombo, na watu wa nchi nisizoweza kuzitamka wakaandika kuusifu. Mmoja akauliza kile kinachokwaruza ni ala gani. Tulicheka sote watatu, babu yako mpaka akashika mbavu. Sikumbuki kama nyumba hii imecheka vile tena.

Ndipo wale vijana wa Nairobi wanaotengeneza magemu wakakuandikia. Walikuwa na gemu lao la mji wa kale wa pwani, na muziki wake wote wakataka uutengeneze wewe, gambusi na midundo. Walikuwa wanakuja Dar kwa siku mbili, wakakuita mzungumze. Ulikuwa umeshamaliza nyuzi tatu. Ulibaki uzi mnene, ule babu yako aliokuwa akiuita mzee, kwa sababu unasema mara chache na ukisema wengine wananyamaza. Uliuacha mwisho makusudi. Ilikuwa masika, ngozi imelegea kwa unyevu, na ulitaka ikaze ndipo uurekodi.

Babu yako alikufundisha dawa ya masika: jua la saa mbili asubuhi, kibarazani, muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, halafu ndani. Moto, alikuambia, gambusi halionyeshwi hata kwa mbali. Hilo alikufundisha wewe. Mimi sikuwa mwanafunzi.

Siku ya kwenda Dar kulikuwa na mawingu. Ulilitoa ukalilaza kwenye kiti kibarazani ukisubiri jua, jua likagoma, gari likapiga honi, ukatoka mbio. Umekuwa ukijiuliza miaka miwili kama ulinipigia kelele niliingize ndani au ulidhani tu. Umeniuliza, umemuuliza babu yako, umejiuliza kwa sauti ukiosha vyombo.

Ulisema, Nasra. "Mama, liingize gambusi!" Nilikusikia vizuri, na nikaitika.

Nikaliingiza. Babu yako alikuwa amelala, homa ya masika imempitia, na nyumba ilikuwa kimya. Nikalipakata. Miaka yote ile, na leo hapana msumari. Nikaweka vidole pale nilipokuwa nakuona unaviweka, nikaujaribu ule wimbo wa baba wa alasiri, wa kwanza kuujua maishani mwangu. Ukatoka. Vidole vilikuwa vinaujua. Ila ngozi ilikuwa imelegea, sauti ni ya mtu mwenye mafua, na mimi nilitaka niusikie sawasawa. Mara moja tu, kisha ningelirudisha na wala usingejua. Na uani kulikuwa na makumbi makavu, kwa sababu Jumamosi tulikuwa na shughuli.

Nililipasha kama ninavyopasha msondo. Nikaielekeza ngozi motoni, nikaligeuza, nikagonga kwa kidole, nikasikia sauti inapanda. Ilikuwa inapanda vizuri. Ngozi ya msondo ni ya ng'ombe, nene. Hii ya mbuzi ilikuwa imenizidi umri. Ikalia pa, ikachanika katikati, na ule ufa wa shingoni ambao babu yako aliuziba kwa gundi zamani ukafunguka mpaka tumboni. Nyuzi zikalegea zote kwa pamoja. Nikabaki nimechutama mbele ya moto nimeshika vipande.

Na saa ileile jua likatoka.

Nililiona kama limeletwa kunisaidia. Nikazima makumbi kwa maji, nikalibeba gambusi mpaka kibarazani, nikalilaza kwenye kiti kilekile, upande uleule ulioulaza wewe. Sikusema uongo hata neno moja siku ile. Nililiweka tu mahali.

Ulirudi baada ya alasiri. Nilikusikia tangu njiani. "Mama, wamekubali! Mama, wame..." Ukanyamaza. Nilitoka jikoni najifuta mikono kana kwamba ndiyo kwanza naona. Ulinitazama, uso umekupauka, ukasema, "Nilikwambia uliingize, au sikukwambia?" Ulikuwa unajiuliza mwenyewe kuliko unavyoniuliza mimi. Nami nikakutazama tu, nikakuacha ujijibu.

Ukalibeba mpaka kitandani kwa babu yako ukapiga magoti.

"Shikamoo, Babu. Nisamehe, Babu. Nimelisahau juani."

Alinyoosha mikono ukampa. Akalipapasa tumbo, akaupata ufa, akaufuata kwa kidole gumba mpaka mwisho wake. Kisha akalileta puani akakaa nalo hapo. Akageuza uso upande niliosimama, yale macho yake meupe.

"Nani amewasha makumbi leo?"

"Mimi, Baba. Tuna shughuli Jumamosi."

"Haya," akasema. Akakuwekea mkono kichwani. "Inuka, mke wangu. Si kosa lako hili."

Wewe ulidhani anakufariji. Alikuwa anakuambia ukweli mtupu, na aliyemwelewa chumbani mle ni mimi peke yangu.

Jioni nilipompelekea uji aliniambia taratibu, kama mtu anayeuliza chumvi, "Mwanaidi, jua halina moshi." Nikakaa chini sakafuni. Nilimwambia yote, hata ya kulipakata. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipiga upi?"

Nikamtajia wimbo.

"Ulitoka?"

"Ulitoka, Baba."

Akafumba macho. "Basi mwambie mtoto," akasema. "Mimi sitamwambia. Hilo ni lako."

Tangu siku ile kila nilipompelekea uji aliniuliza neno moja. "Leo?" Nami namjibu, "Bado, Baba." Hakunikaripia. Anakunywa uji wake, ananirudishia bakuli. Masika ikaisha, kipupwe kikaingia. "Leo?" "Bado." Angenitukana ningepata nguvu, hata kwa hasira. Nilikuwa na sababu zangu kila siku: leo ana mtihani, leo amechoka, leo angalau amecheka kidogo, nimwache. Siku ya mwisho uji haukupita tena kooni. Alisogeza midomo tu, na nikajua ni neno lipi. Nikamwambia, "Kesho, Baba. Wallahi kesho." Hakuifikia kesho.

Msibani wanawake wakasema mzee ameondoka pamoja na gambusi lake. Walisema kwa wema, kama watu wanavyosema msibani. Nilikuona ulivyoinama. Ulilichukua neno lile kama hukumu, ukaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye mawe ya kufulia, na mimi nilikuwa ndani nimezungukwa na watu wananipa pole, nazipokea.

Fundi aliunga shingo kwa mti mpya, akawamba ngozi mpya, ikatoka sauti ya kopo la mafuta. Hakukosea kitu yule fundi. Kilichokuwemo kilikuwa kimeshatoka. Wale wa Nairobi walikuambia hata nyuzi tatu zinatosha. Ukawaandikia kwamba huna haki ya kuzitumia. Niliyachungulia maneno hayo juu ya bega lako. Mtu mwenye haki zote, anaandika kwamba hana, na nyuma yake nimesimama mimi na kikombe cha chai.

Juzi ulipokwenda sokoni niliufungua wimbo wako ule wa mapangoni kwenye simu yangu. Kuna mahali katikati midundo inasimama, besi inaondoka, nyuzi tatu zinashuka hatua kwa hatua, na pale zinapotakiwa kumfikia mzee hapana kitu. Ulipaacha wazi kwa muda, upajaze ngozi ikishakaza. Kisha midundo inarudi na wimbo unaendelea na safari zake. Watu huko mtandaoni wameandika kwamba kimya kile ni ufundi mkubwa. Mimi nikifika hapo huwa sipumui, kwa sababu najua ni nani aliyekaa mle ndani.

Unataka ushauri wa mama? Ninao mdogo na nimeupata vibaya. Siku ya kwanza lilikuwa jambo la sentensi moja. Ningelisema, ungenikasirikia wiki nzima, tungekula sahani moja tumenuniana, basi. Baada ya mwezi ilikuwa sentensi ileile ila ina mwezi mzima juu yake. Baada ya maziko nikawa siwezi hata kuinyanyua. Huko uendako utakosea, wewe ni mtu. Liseme palepale, hata kwa kuropoka, hata ukiwa na kamasi. Mimi nilisubiri nipate maneno mazuri. Hata haya si mazuri.

Na ukimwonea mtu wivu mwambie. Ningekuambia siku ile ya kisamvu, "Nasra, na mimi nataka kushika," ungelisogeza, najua ungelisogeza, ungenipisha mkekani na babu yako angecheka. Sikuomba. Nilingoja kuiba.

Wiki iliyopita ulipoanza kupanga begi nilingoja uishushe kompyuta. Iko juu ya kabati tangu arobaini, umeifunika kanga yangu ya zamani. Hukuishusha. Nikakuuliza, "Na kompyuta?" Ukajibu, "Ya nini, Mama? Dukani kwa shangazi kuna ya kuandikia mzigo." Ulinijibu kwa upole, bila uchungu wowote, na ule upole ndio ulionimaliza. Mtu anayelia bado anataka kitu. Wewe hutaki tena.

Sitakuomba radhi hapa. Radhi uliomba wewe, kwa magoti, kwa kosa langu, na sijui mtu akishaombewa radhi yake na yule aliyekosewa anabaki na ya kuomba ipi. Wala sijidanganyi kwamba ukishajua utarudi kwenye muziki wako. Huenda utauchukia pamoja na mimi. Baba alinisamehe, lakini baba alikuwa amelipiga gambusi lile miaka sitini. Wewe ulikuwa ndiyo unaanza. Gemu lako lile lilikuwa linamrudisha yule wa upanga hatua chache kabla ya shimo. Mimi ningepewa hatua moja tu, ile ya mlangoni kabla sijainama kuwasha, ningeichukua na nisingeomba nyingine mpaka naingia kaburini. Hakuna wa kunipa.

Nimeishusha kompyuta. Nimeifunga kwenye kanga ileile, iko chini ya nguo zako. Begi litakuwa zito, na hilo ndilo dogo kuliko yote utakayonilaumu. Kuna na kipande cha shingo ya gambusi, kile cha zamani alichokitoa fundi. Nimekificha miaka miwili sandukuni kwangu pamoja na udi wa kufukizia na nguo za Idi, nikidhani itafika siku harufu ya moshi itakwisha.

Nilipoanza kuandika nilisema uikute barua hii Mwanza. Nimeifikiria hiyo Mwanza mchana kutwa: wewe uko mbali, siuoni uso wako, na mimi nimeshasema. Ndiyo kwanza naona kwamba ni kesho nyingine ninayomwapia baba.

Nasikia sauti yako njiani, unamwamkia jirani. Imekauka, umelia. Umeshamwomba tena, Nasra, na hata hilo la leo nimechelewa kulizuia. Kusema kwa mdomo siwezi, nimejaribu mara nyingi nikaishia kwenye mwavuli. Lakini mkono bado unaweza kunyoosha karatasi. Nitakupa hapohapo mlangoni, viatu hujavua, barua hii na kipande cha shingo. Kabla hujanitazama kilete puani kama alivyofanya babu yako. Kisha sijui tutakaaje nyumba moja mpaka alfajiri, wala kama utaniaga. Kama baba angekuwa bado kitandani mle angeniuliza neno lake lilelile, nami ningekuwa na la kumjibu. Leo, Baba.

Mama yako,
Mwanaidi